Pangani na Ng'ambo Yake

Nahodha anayepeleka chombo Pangani haingii saa aipendayo. Mlangoni mwa mto, ambapo maji yaliyotoka Kilimanjaro na Meru hukutana na Bahari ya Hindi baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 500, pamelala fungu la mchanga. Maji yakipwa, mawimbi huvunjikia hapo. Yakijaa, jahazi hupita juu yake likaingia mtoni, mji ukiwa mkono wa kulia na Bweni, chini ya kilima chake, mkono wa kushoto. Fungu hilo ndilo lililoutajirisha mji huu na ndilo lililoukwamisha. Zama za majahazi, kila aliyelijua alikuwa na bandari tulivu isiyosumbuliwa na kusi wala kaskazi. Zilipokuja meli kubwa za moshi, likawa kizuizi.

Mgeni wa leo huja kwa barabara kutoka Tanga, mwendo wa kilomita 50 hivi kati ya minazi na mkonge. Akifika hupelekwa kwanza Bomani, kwenye jumba la zama za Waarabu ambalo Wajerumani waliliongezea na kulifanya ofisi ya serikali. Ataonyeshwa milango ya nakshi, na hakosi kusimuliwa kwamba chini ya nguzo zake walizikwa watumwa wakiwa hai ili msingi ushike. Masimulizi ya namna hiyo yamezagaa mwambao mzima, karibu kila jumba kubwa la zamani lina yake. Yachukuliwe yatakavyochukuliwa, yanahifadhi jambo moja la kweli: mawe hayo yalibebwa na watu waliomilikiwa. Kisha mgeni atashuka mtoni kwenye jengo la forodha, atapita mbele ya nyumba za wafanyabiashara wa Kihindi zenye duka chini na roshani ya mbao juu, na mwisho ataelezwa habari za Bushiri aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1889.

Ziara nyingi huishia hapo. Ni hasara, kwa sababu nusu ya historia ya Pangani iko ng'ambo, upande wa Bweni, Mwera na Kikogwe, na huko hakuna milango ya nakshi ya kupigia picha.

Ukale wa mahali penyewe hauna ubishi. Kwenye kingo za mto, pembeni ya mji wa sasa, ziko Muhembo na Bweni ya kale, makazi ya Waislamu yaliyokuwapo karne nyingi kabla ya mji wa sasa kushika jina. Wapo pia wanaotaka kurudi nyuma zaidi. Kitabu cha safari za baharini kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza kinautaja mji wa Rhapta, soko la mwisho la pwani ya Azania, penye pembe za ndovu, magamba ya kasa na mashua za kushonwa kwa kamba. Ptolemy naye akauweka karibu na mto. Pangani imo katika orodha ya wagombea pamoja na delta ya Rufiji na eneo la Dar es Salaam. Kila mahali kati ya hapo pana watetezi wake, na hakuna aliyeweka mezani ushahidi wa kufunga kesi.

Pangani inayoonekana leo ni mtoto wa karne ya 19, na baba yake ni pembe za ndovu. Bonde la mto lilikuwa njia iliyochongwa tayari: misafara ilipanda nalo hadi Korogwe na Mazinde, ikapita chini ya milima ya Usambara na Upare, ikatokea Kilimanjaro, kisha ikaingia katika nchi ya Wamasai. Mazinde alikaa Semboja, mtawala wa ukoo wa Kilindi, naye hakuacha msafara upite bila hongo. Mizigo ya kwenda bara ilikuwa merikani, shanga na masango ya chuma na shaba. Ya kurudi ilikuwa pembe. Safari moja iliweza kula mwaka mzima. Mwenye mtaji kwa kawaida alikuwa mfanyabiashara wa Kihindi, Pangani au Unguja, aliyekopesha bidhaa na kusubiri. Aliyebeba hatari ya njaa, ndui na mikuki alikuwa mtu mwingine.

Richard Burton na John Speke walipita hapa Februari 1857, kabla ya safari yao ya maziwa makuu. Walipanda na mto mpaka kwenye kituo cha askari wa Kibaluchi wa Sultani wa Unguja, wakaendelea hadi Vuga kumwona Kimweri ye Nyumbai, mfalme mzee wa Washambaa, wakarudi Pangani wakitetemeka kwa homa. Burton aliandika mengi, na mengi yake yana dharau. Lakini hata yeye aliona kwamba mji huo haukuwa kijiji cha wavuvi kilichobahatika: ulikuwa mlango wa nchi.

Mtu ambaye angefaa kuwa na mtaa wenye jina lake Pangani ni Jumbe Kimemeta. Alikuwa Mswahili, mfanyabiashara wa pembe mwenye makovu ya ndui usoni, na aliijua njia ya Umasai kuliko Mzungu yeyote wa wakati wake. Mwaka 1883 Joseph Thomson alipojaribu kuvuka nchi ya Wamasai, alikuwa na Kimemeta. Mapema mwaka 1887, Mhangaria Count Teleki na mwenzake Ludwig von Höhnel walipoondoka Pangani na mamia ya wapagazi, Kimemeta alikuwa nao tena. Machi 1888 msafara huo ulifika kwenye ziwa ambalo Wazungu hao walilipa jina la mwana wa mfalme wao, Rudolf, na ambalo leo ni Ziwa Turkana. Vitabu vikasema ziwa limegunduliwa. Waliokuwa wakinywa maji yake hawakuulizwa, na waliowaongoza wageni hadi ufukweni walirudi Pangani kutafuta msafara mwingine.

Pamoja na pembe, kulikuwa na sukari.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 mashamba ya miwa yalitanda kingo zote mbili za mto, juu kidogo ya mahali maji ya chumvi yanapofika. Wenye mashamba wengi wao walikuwa Waarabu wa asili ya Omani. Miwa ilikamuliwa, maji yake yakachemshwa katika masufuria makubwa ya chuma hadi yakawa asali nzito na sukari guru, yakapakiwa majahazini kwenda Unguja na Arabuni. Kazi ya miwa haina huruma popote ilipolimwa duniani: ukishaikata, hainyimwi moto hata siku chache, maana utamu wake huharibika. Kwa hiyo wakati wa mavuno watumwa walifanya kazi usiku na mchana. Desturi ya zamani ya pwani hii ya Mrima, ya mtumwa kupewa siku zake za kulima konde lake mwenyewe, ilibanwa na ratiba ya masufuria. Watumwa walioanza kujihesabu kuwa watu wa mji, wenye haki ya kuvaa kanzu na kucheza ngoma za mji, walijikuta wanarudishwa kuwa mikono tu.

Mwaka 1873 wengi wao waliondoka. Hawakutoroka mmoja mmoja usiku kama ilivyozoeleka; walitoka kwa wingi mashambani, wakajikusanya upande wa Kikogwe na kuanzisha makazi ya watoro. Wenye mashamba waliwaendea na silaha wakashindwa kuwarudisha. Ni moja ya maasi machache ya watumwa katika pwani hii yaliyofaulu, na inashangaza jinsi yanavyotajwa kwa uchache, hata na watu wanaoijua tarehe ya kunyongwa kwa Bushiri kwa kichwa.

Mwaka huohuo Sultani Barghash, akisukumwa na Waingereza, alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Kwa Pangani marufuku hiyo ilikuja wakati mbaya kuliko wote, au mzuri kuliko wote, inategemea unamuuliza nani. Kimbunga cha mwaka 1872 kilikuwa kimeiangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba, na Pemba ikataka watu. Kutoka Pangani hadi Pemba ni usiku mmoja wa upepo mzuri. Majahazi yaliendelea kuvuka na mizigo ambayo haikuandikwa forodhani.

Huu ndio mji ambao Emil von Zelewski aliukuta Agosti 1888. Miezi michache kabla, Sultani Khalifa alikuwa ameikodisha pwani yote kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, na Zelewski alikuja kuwa mwakilishi wake Pangani. Watu walimpa jina la Nyundo. Mkataba ulisema kampuni itatawala kwa jina la Sultani na chini ya bendera yake. Zelewski alitaka bendera ya kampuni ipande na liwali wa Sultani apokee amri kwake. Liwali alipokataa, manowari ya Kijerumani ilishusha askari. Walivunja nyumba ya liwali na kuingia hadi vyumba vya wanawake. Waliingia msikitini na viatu vyao, na mbwa. Siku hizo zilikuwa za Iddi kubwa.

Ni rahisi kusimulia kilichofuata kama hasira ya dini, na hasira ya dini ilikuwapo. Lakini kodi mpya zilikuwapo pia, na ushuru, na agizo la kila mwenye ardhi kuthibitisha kwa hati kwamba ni yake, katika nchi ambayo mashamba yalijulikana kwa minazi na mashahidi. Mwanzoni mwa Septemba mji ulifurika: wapagazi wa misafara, wakulima wa mashambani, majumbe wa Kishirazi waliokuwa na kinyongo na Waarabu wa Sultani tangu zamani. Zelewski na wenzake walifungiwa ndani. Sultani alimtuma Jenerali Lloyd Mathews, Mwingereza aliyeongoza jeshi lake, kuja kutuliza. Mathews alifaulu kuwatoa Wajerumani wakiwa hai. Alipojaribu kuurudisha mji chini ya Sultani, watu wa Pangani wakamfukuza yeye naye.

Hapo ndipo linapoingia jina la Bushiri, yaani Abushiri bin Salim al-Harthi. Alikuwa na shamba la miwa kando ya mto, baba yake Mwarabu na mama yake Muoromo, na alikuwa na ugomvi wa muda mrefu na ukoo wa Al Busaid wa masultani wa Unguja. Hakuuanzisha uasi, aliwakuta watu wameshaasi, akawapa uongozi, na uongozi wake ulikuwa pia njia ya kuwazuia wasiende mbali mno. Hapa pana jambo ambalo masimulizi ya shujaa mmoja huliruka. Bushiri alikuwa bwana wa watumwa. Miongoni mwa waliojaa mitaani Septemba hiyo walikuwamo watu ambao, kama wangeachiwa, wangeyaendea mashamba ya mabwana baada ya kumalizana na Mjerumani. Vita vya mwambao vilikuwa vita viwili vilivyokaa ndani ya kanzu moja.

Kisa kidogo cha wakati huo kinafaa kutajwa. Wazungu wawili, Hans Meyer na Oscar Baumann, walikuwa njiani kurudi kutoka Usambara ghasia zilipolipuka. Walikamatwa, wakafungwa minyororo, na Bushiri akawaachia kwa fidia ya rupia 10,000. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 1889, Meyer huyohuyo alifika kilele cha Kibo, kwenye barafu ambayo maji yake huteremka mpaka Pangani.

Berlin ilijibu kwa kumtuma Hermann von Wissmann na jeshi la kukodi: Wasudani waliokusanywa Cairo, na Washangaan kutoka Msumbiji, chini ya maofisa wa Kijerumani. Mei 1889 ngome ya Bushiri karibu na Bagamoyo ilivunjwa. Juni ikawa zamu ya Saadani. Julai manowari ziliupiga mji wa Pangani kwa mizinga. Bushiri aliingia bara kutafuta wapiganaji, akarudi, akashindwa tena. Tunzo iliyowekwa juu ya kichwa chake ilifanya kazi ambayo bunduki hazikuimaliza: Desemba alikamatwa kwa kusalitiwa na jumbe mmoja, akaletwa Pangani, na tarehe 15 mwezi huo akanyongwa. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mshairi wa pande za Tanga, alivitungia utenzi vita hivyo muda mfupi baada ya kwisha, naye aliandika akijua nani alisimama wapi. Zelewski hakuikwepa nchi hii. Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa walimmaliza Lugalo pamoja na sehemu kubwa ya kikosi chake.

Turudi ng'ambo. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Meksiko, ambako ndiko asili ya mmea huo, haikupenda kuona mbegu zake zikisafiri. Miche ilizunguka kupitia Ulaya, ikakauka, ikaoza, na iliyofika hai ilikuwa 62. Ilipandwa Kikogwe. Mahali palepale ambapo miaka 20 kabla watoro walijenga uhuru wao, kampuni ya Wajerumani ilianzisha zao lililoongoza uchumi wa Tanganyika kwa nusu karne. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi ilikuwa ya kwanza duniani kwa mkonge, ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Kazi ya kuukata ilifanywa na manamba, waliopewa jina hilo kwa ajili ya namba zao za mkataba: Waha wa Kigoma, Wangoni, Wamakonde kutoka Msumbiji, Warundi. Watoto na wajukuu wao wamebaki, na ndio maana katika vijiji vya mkoa wa Tanga unaweza kusikia majina ya ukoo ya Buha na ya Ruvuma kwa watu ambao hawajawahi kufika huko.

Pangani haikuvuna sana kutokana na mkonge uliozaliwa mlangoni kwake. Mwaka huohuo wa 1893 ujenzi wa reli ulianza Tanga. Tanga ilikuwa na ghuba yenye kina. Pangani ilikuwa na lile fungu. Reli ilifika Mombo mwaka 1905 na Moshi miaka michache baadaye, ikifuata bonde lilelile la misafara, ila sasa mwisho wake ukiwa mji mwingine. Katani, kahawa, na hata abiria wa Korogwe vikageuza njia. Upande wa kaskazini reli ya Mombasa iliufunga mlango wa Umasai. Waingereza walipouchukua mji Julai 1916 walikuta bandari ya nazi na mbata, na hivyo ndivyo walivyoiacha.

Kudorora huko kuliwafaa wapenda majengo. Pasipo na fedha hapabomolewi kitu. Shaaban Robert, aliyepata kuwa karani wa forodha hapa wakati wa ukoloni, angeutambua mji kama angerudi leo: mtaa wa maduka, mlango wa mto, mitumbwi ya Bweni. Angeshangaa kuona kuta zilivyochakaa. Chokaa ya matumbawe hutaka kurudishiwa kila baada ya miaka kadhaa, na mwenye nyumba asiye na biashara hurudishia kwa saruji. Saruji hufungia unyevu ndani, boriti za mikoko zinaoza, na roshani inaanguka siku isiyo na upepo. Kwa mtazamo wa mwandishi huyu, hatari kubwa ya Pangani ni mfuko wa saruji uliotumiwa kwa nia njema, kuliko tingatinga lolote.

Hatari nyingine inatoka kwenye maji yenyewe. Miaka ya 1960 bwawa la Nyumba ya Mungu lilijengwa upande wa juu wa mto, na mtambo wa umeme wa Hale ukaanza mwaka 1964. Katikati ya miaka ya 1990 ukaongezwa mtambo mpya wa New Pangani Falls wenye uwezo wa megawati 68. Kati ya hapo na milimani kuna mifereji ya mpunga, maua na miwa ya Kilimanjaro na Arusha. Kila lita inayobaki juu haifiki chini, na mto uliopungua nguvu hauizuii tena bahari. Chumvi imepanda kuliko zamani, na wakulima wa kingoni wameona minazi na mashamba yao yakidhoofika. Baharini, kisiwa cha Maziwe kilichotangazwa hifadhi mwaka 1975 kwa sababu ya kasa waliotaga hapo kwa wingi, kilipoteza mivinje yake na udongo wake katika miaka michache iliyofuata. Sasa ni fungu la mchanga linalomezwa maji yakijaa. Vijana wa uhifadhi huyafukua mayai ya kasa na kuyahamishia bara kabla bahari haijayafikia, na watalii hupelekwa kwa mashua kutazama samaki kwenye matumbawe yanayolizunguka.

Upande wa mji, ukuta umejengwa kuzuia mmomonyoko. Juu ya mto yako mambo makubwa zaidi: daraja la mita 525, sehemu ya barabara ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo. Kwa miaka mingi mtu wa Mwera mwenye mgonjwa wa kupeleka hospitali ya wilaya alikaa Bweni akiisubiri pantoni, na ikiharibika alipanda mtumbwi. Wanaouza chai, samaki wa kukaanga na vocha pale kivukoni wanajua fika kwamba gari lililopita darajani halisimami. Wenye viwanja Bweni nao wameshaanza kupandisha bei.